Mfuko bila kufuli: kampeni ya ujamaa wa kidemokrasia ya 2015 katika kata moja ya wakulima wa tumbaku

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kampeni ya urais ya ACT-Wazalendo mwaka 2015, ila kimetazamwa kutokea chini, kwenye kata moja ya wakulima wa tumbaku magharibi mwa Tanzania. Mimi nilikuwa mratibu wa kujitolea wa timu ndogo iliyoibeba kampeni hiyo pale. Majina ya jimbo, kata, vijiji na watu wa huko nimeyaondoa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Mambo ya kitaifa, yaani wagombea, tarehe na kura, nimeyaacha kama yalivyotangazwa. Makosa ninayoyaeleza ni ya timu yetu ya kata, nami nikiwemo.

Ninaandika kwa ajili ya wale wanaoandaa ilani zenye nia ya kubadili maisha ya mkulima na mchuuzi, kisha wanashangaa watu wanapozisikiliza kwa heshima na kwenda kupigia kura wengine. Nami nilishangaa hivyo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba jibu nilipewa mapema kabisa, mwishoni mwa Agosti, na mwanamke aliyekuwa na ufunguo shingoni.

Usuli wa kitaifa

Chama kilipotaka kutangaza itikadi yake, mji wa Tabora haukuchaguliwa kwa bahati. Januari 1958 TANU ilikutana hapo kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ule uliomlazimisha mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Miaka 57 baadaye, Juni 2015, ACT-Wazalendo ikaenda mji uleule kutangaza Azimio la Tabora. Chama kilikuwa kichanga: kilipata usajili wa kudumu Mei 2014, na Zitto Kabwe alijiunga nacho Machi 2015 baada ya kutengana na CHADEMA.

Azimio la Tabora lilisema wazi kwamba linahuisha Azimio la Arusha la 1967, na itikadi yake ni ujamaa wa kidemokrasia. Halikutaka kurudi kwenye chama kimoja wala kutaifisha kila duka. Ndani yake mlikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza ni hifadhi ya jamii kwa kila mtu, hasa wakulima, wavuvi na wachuuzi ambao mifuko ya pensheni ya wakati ule, NSSF, PPF, PSPF na LAPF, haikuwafikia isipokuwa wachache. La pili ni maadili ya uongozi: kiongozi atangaze hadharani mali zake, madeni yake na maslahi yake. Hili lilirudisha moyo wa masharti ya Arusha, yaliyomkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba, masharti ambayo CCM iliyalegeza Zanzibar mwaka 1991. Rasilimali za taifa na uwazi wa mikataba ya madini na gesi vilikuwa sehemu ya hoja hiyohiyo. Sakata la akaunti ya Escrow la 2014, la mabilioni yaliyochotwa Benki Kuu, lilikuwa bado bichi masikioni mwa watu.

Mgombea urais alikuwa Anna Mghwira, mwenyekiti wa chama, mwanasheria kutoka Singida, na mwanamke pekee kati ya wagombea wanane wa mwaka ule.

Kabla kampeni hazijafunguliwa, uwanja ukageuka. Tarehe 28 Julai 2015 Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyejiuzulu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, alihamia CHADEMA, akawa mgombea wa UKAWA, umoja wa vyama vinne vya upinzani. Katika wiki chache zilizofuata, kwa kutokubaliana na hatua hiyo, Profesa Lipumba aliachia uenyekiti wa CUF, kimoja cha vyama vya UKAWA, na Dk. Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, akajiondoa kwenye siasa za chama hicho. Kuanzia hapo nchi nzima iligawanyika pande mbili, "Hapa Kazi Tu" ya John Magufuli wa CCM na "Mabadiliko" ya Lowassa. Sisi tulikuwa nje ya UKAWA, na nje ya hizo pande mbili.

Usuli wa kata

Kule tumbaku ndiyo fedha. Mkulima anakopeshwa mbolea na dawa kupitia chama cha msingi, na deni linarudi kwa makato siku ya soko. Marobota yanapimwa, yanapangiwa daraja, kisha mkulima anapewa karatasi yenye safu ndefu ya makato, na kipato chake cha mwaka mzima ni ile namba ya chini kabisa. Nimeona mtu mzima akiikunja karatasi ile taratibu, akaitia mfukoni na kuondoka bila kumuaga mtu. Katika kata ile ukitamka neno "mchango", msikilizaji anasikia "makato". Sisi hilo tulilijua tangu mwanzo. Ila kulijua ni kitu kimoja, na kuipanga kampeni kwa kulizingatia ni kitu kingine.

Upande wa pili kulikuwa na VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Wanawake wa kata ile walikuwa na vikundi kadhaa imara, vingine vikiwa na umri wa kutosha kumsomesha mtoto kutoka chekechea hadi sekondari. Kila kikundi kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanawake watatu tofauti wasiokaa nyumba moja, na sanduku hukaa kwa mtu wa nne asiye na ufunguo wowote. Halifunguliwi mpaka wote wanne wawe kikaoni, mbele ya wanachama. Ndani, mbali na fedha za hisa, kuna mfuko mdogo wa kitambaa uitwao mfuko wa jamii. Kila mwanachama huuchangia kidogo kila kikao, nao hutumika kwa ugonjwa, msiba na uzazi. Fedha zake hazikopeshwi.

Timu yetu ilikuwa ya watu watano. Mgombea udiwani alikuwa karani mstaafu wa chama cha msingi, mtu mwenye hesabu kichwani na sauti ya chini. Walikuwepo fundi pikipiki, mama lishe wa stendi, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizo, na mimi. Tulikuwa na pikipiki moja ya fundi na spika moja ya kuazima iliyokoroma ikipata joto.

Mfuatano wa matukio

*Julai na Agosti: tulianza na historia.* Tulitoa nakala za muhtasari wa Azimio, kurasa nane, tukazipeleka vijiweni. Kikao cha kwanza kilikuwa chini ya mwembe panapochezwa bao. Mwanafunzi wetu alianza na Arusha, akaeleza jinsi misingi ile ilivyoachwa na kwa nini inahitaji kuhuishwa. Mzee mmoja akaweka kete zake chini. "Arusha unanisimulia mimi? Nilipakiwa kwenye lori mahindi yangu yakiwa shambani." Alikuwa anazungumzia Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Kabla hatujajibu, mzee wa pili akamdaka: "Na mdogo wako alisoma mpaka chuo bila baba yenu kuuza hata kuku. Hilo mbona hulisemi?" Wakabishana karibu saa nzima. Watu wakasogea kusikiliza, na ilani yetu ikawa imesahauliwa kwenye benchi.

Kwa vijana wa bodaboda mambo yalikuwa rahisi zaidi na mabaya zaidi. Hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya Arusha, nzuri wala chungu. Walitusikiliza, kisha wakatuuliza swali moja: "Sasa nyinyi mnaweza kuitoa CCM?" Tulipojaribu kueleza kwamba kubadili chama bila kubadili mfumo hakutoshi, walizungusha mikono kama mwamuzi anayeashiria mchezaji abadilishwe, alama ya mabadiliko ya mwaka ule, wakawasha pikipiki.

*Mwisho wa Agosti: kikao cha VICOBA.* Mama lishe alikuwa mwanachama wa kikundi kimoja, akatuombea dakika kumi baada ya kazi za siku kumalizika. Mgombea wetu aliacha karatasi mfukoni. Alisubiri sanduku lifunguliwe, wanawake wahesabu fedha za mfuko wa jamii kwa sauti na kiasi kitamkwe na wote kwa pamoja, kama ilivyo desturi yao. Ndipo akasema: "Hicho mlichokihesabu sasa hivi ndicho tunachokiita hifadhi ya jamii. Tofauti ni kwamba wenu unawatosha kwa msiba wa leo. Tunataka uwepo wa nchi nzima, utakaokutosha ukiwa huwezi tena kushika jembe."

Tangu tuanze, nilikuwa sijaona watu wakituinamia hivyo kusikiliza. Wakauliza maswali ya kweli. Asiye na mshahara atachangia lini, kila mwezi au wakati wa soko? Mume akihama, fedha zinamfuata nani? Mtu akifa kabla ya uzee, watoto wanapata nini? Mgombea wetu alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua akasema hayajui.

Kisha mmoja wa washika funguo akainuka, ufunguo wake ukining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. "Sanduku letu lina kufuli tatu," alisema. "Huo mfuko wenu wa taifa, funguo anashika nani?"

Mgombea wetu akasema utasimamiwa kwa sheria. Yule mama akaitikia kwa kichwa, akakaa. Kikao kikaisha kwa makofi, nasi tukarudi nyumbani tukiamini tumefanikiwa.

*Septemba: tuligeuza njia.* Magari ya vyama vikubwa yalianza kuingia kata yetu yakiwa na muziki, kofia na fulana. Watu walitusimamisha njiani wakituomba khanga. Hatukuwa nazo, na hata tungekuwa nazo tulikuwa tumekubaliana kutogawa kitu, kwa sababu chama kinachohubiri maadili hakiwezi kuanza kwa kununua watu. Tulipoona habari za urais zinaishia kwa Magufuli na Lowassa kila tunapokwenda, tukabadili kauli. Tukaanza kusema: "Rais mchague mnayempenda. Diwani tupeni sisi."

*Oktoba: mawakala.* Kila kituo kilihitaji wakala, na kila wakala alihitaji nauli, chakula na kuandaliwa. Hatukuvimudu vituo vyote. Tulivigawana tuwezavyo, vingine vikabaki bila mtu wetu.

*Oktoba 25.* Vituo vilifunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Nilisimama wakala kwenye darasa la shule ya msingi. Foleni ilikuwa ndefu na tulivu, na nilimwona mzee wa mwembe akiinua kidole chenye wino kumwonyesha mjukuu wake. Kura zilihesabiwa kwa taa ya betri. Kura za urais zilihesabiwa, zikafuata za ubunge, mwisho za udiwani.

Maamuzi matatu na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuanza na historia ya Arusha. Tuliamini jina la Mwalimu linafungua mlango popote, na Azimio lenyewe lilijieleza kwa njia hiyo. Hatukujiuliza mlango ule unafunguka kuelekea chumba gani.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha mikutano ya hadhara na kwenda kwenye vikao vya watu: VICOBA, vijiwe, misibani baada ya maziko. Sababu ya kweli ilikuwa umaskini, maana spika ile isingeshindana na magari ya muziki. Hata hivyo ndio uamuzi bora tulioufanya.

Wa tatu ulikuwa ule wa Septemba, wa kunyamaza kuhusu urais. Tulibishana usiku mzima. Fundi pikipiki alisema ni usaliti kwa mgombea wetu. Mimi nilisimama upande wa kunyamaza, kwa hoja kwamba kiti kimoja cha udiwani ni bora kuliko heshima tupu, na hoja yangu ikapita.

Matokeo

Kitaifa, Tume ilimtangaza Magufuli mshindi tarehe 29 Oktoba kwa kura 8,882,935, asilimia 58.46. Lowassa alipata 6,072,848, asilimia 39.97. Anna Mghwira alikuwa wa tatu kwa kura 98,763, yaani asilimia 0.65. Katika majimbo yote ya ubunge chama kilishinda moja, Kigoma Mjini, alikogombea Zitto.

Kwenye darasa nililosimama, kura za mgombea wetu wa urais hazikujaza vidole vya mikono miwili. Za udiwani zilikuwa nyingi kuliko hizo mara kadhaa, na kwenye kijiji chenye kikundi kile cha VICOBA mgombea wetu alikuwa wa pili. Katika kata nzima tulishindwa. Karani mstaafu alirudi kwenye bustani yake, na siku mbili baadaye alipita nyumba kwa nyumba kushukuru waliompa na wasiompa.

Uchambuzi

Ukimuuliza mtu wa siasa kwa nini kampeni ile haikupata kura, atakutajia Lowassa. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Uchaguzi wa pande mbili zenye joto kali unamnyima hewa kila asiye upande wowote, na katika mfumo wetu wa urais mwenye kura nyingi anachukua vyote, hivyo mpiga kura asiyetaka kura yake ipotee ana sababu nzuri ya kumwacha wa tatu. Ruzuku nayo inawafuata waliokwisha kupata viti na kura, kwa hiyo chama kichanga kinaingia uwanjani mikono mitupu. Haya tusingeyabadili sisi watano. Nayaacha hapo, kwa sababu kila aliyewahi kushindwa anayajua, na yakishatajwa huwa yanafunika yale tuliyoweza kuyabadili.

Yapo pia ya mgombea kuwa mwanamke. Sikumsikia mtu akilisema kama pingamizi hadharani. Nililisikia kwa namna nyingine, wanaume wakimsifu kwa maneno wanayomsifia mwalimu wa binti yao, kisha mazungumzo yakageukia "wagombea wenyewe", yaani wale wawili. Ndani ya VICOBA ilikuwa tofauti kabisa: waliuliza amesomea nini, ameongoza nini, na waliposikia ni mwanasheria wakauliza kama amewahi kusimamia kesi za mirathi. Hatukuitumia nafasi hiyo hata kidogo. Tulikuwa na mgombea ambaye wanawake wa kata ile walikuwa na maswali ya kumuuliza, nasi tukatumia muda wetu mwingi chini ya mwembe pamoja na wazee.

Kuhusu Arusha, kosa letu lilikuwa kuichukulia kumbukumbu kama mali ya chama. Kumbukumbu ile ni ya watu, na kila mmoja ana kipande chake: huyu ana lori na mahindi, yule ana shule ya bure, mwingine ana foleni ya sukari ya miaka ya 1980. Ukianza na Arusha huanzi na ilani. Unaanzisha baraza la familia kuhusu jambo ambalo familia haijawahi kulimaliza. Kwa vijana ndiyo kabisa, unaanzia sura ya pili ya kitabu wasichokifungua. Kama ningerudi leo, ningelisoma Azimio kwa ajili ya kunielekeza mimi na kuliacha nyumbani.

Kilichofanya kazi kilifanya kazi kwa sababu moja. Karani mstaafu hakuleta wazo jipya. Alilikuta wazo ndani ya sanduku la chuma, likiwa limeshahesabiwa kwa sauti, na akalipa ukubwa. Wale wanawake walikuwa wajumbe wa hifadhi ya jamii kabla ya chama chetu kuzaliwa. Ndiyo maana maswali yao yalikuwa ya kiufundi, ya watu wanaosimamia mfuko, na siyo ya watu wanaoahidiwa kitu. Popote ambapo sera ya mrengo wa kushoto ina ndugu yake mdogo ambaye watu wenyewe wameshamlea, huko ndiko pa kuanzia. Ushirika wa mazao, kikundi cha kuzikana, mchango wa darasa: ndugu huyo hakosekani.

Sasa nirudi kwenye ufunguo, kwa sababu hapo ndipo penye somo ambalo nilikosa kuliona kwa miezi.

Swali la yule mama halikuwa la kutilia shaka nia yetu. Lilikuwa swali la mkulima wa tumbaku aliyeona makato yakikua kila msimu bila mtu wa kumuuliza. Alikuwa ameshakubali kwamba mfuko ni mzuri. Alichotaka kujua ni nani wanaozuiana. Nasi jibu tulikuwa nalo! Nusu ya pili ya Azimio la Tabora, ile ya maadili ya uongozi, ya kutangaza mali na madeni na maslahi, ya mikataba kuwa wazi, ndiyo iliyokuwa kufuli. Kiongozi aliyetaja madeni yake mbele ya watu ni mshika ufunguo anayejulikana anakolala. Anayekatazwa kuwa na maslahi yaliyofichwa ni yule mtu wa nne anayekaa na sanduku bila ufunguo.

Lakini sisi tulikuwa tumezigawa nusu hizo mbili. Maadili tuliyahubiri vijiweni, pamoja na Escrow na Richmond, kama silaha ya kupiga wengine. Hifadhi ya jamii tuliipeleka kwa wanawake kama zawadi. Kwa hiyo wanaume walisikia kufuli bila sanduku, na wanawake wakaona sanduku bila kufuli. Mgombea wetu alipojibu kwamba mfuko utasimamiwa kwa sheria, alisema kweli, ila sheria ndiyo hiyohiyo iliyoandikwa juu ya karatasi ya makato. Makofi tuliyopigiwa yalikuwa ya adabu. Mtu aliyejibiwa vizuri huuliza swali la pili, na yule mama hakuuliza.

Naamini huo ndio udhaifu wa kampeni nyingi za mageuzi, na siyo ya kata yetu tu. Tunagawa ugawaji wa mali na uadilifu wa wasimamizi kana kwamba ni vipengele viwili vya ilani, ukurasa wa 5 na ukurasa wa 12, wakati kwa mtu aliyewahi kuibiwa ni kitu kimoja. Hawezi kukubali kuchangia mpaka amwone atakayezuiwa asile.

Uamuzi wa Septemba nauhukumu vikali zaidi, na ulikuwa wangu. Tuliposema "rais mchague mnayempenda", tuliwaambia watu kwamba mambo tuliyoyahubiri miezi miwili hayana haja ya kupigiwa kura. Diwani hawezi kuanzisha pensheni ya wakulima. Hawezi kuweka wazi mkataba wa gesi. Karani wetu alibaki akiomba kura kwa ajili ya barabara na zahanati kama mgombea mwingine yeyote, na barabara na zahanati ziliahidiwa vizuri zaidi na wenye chama chenye serikali. Fundi pikipiki alikuwa sahihi. Kura tano za urais zilizopigwa na watu walioelewa wanachokipigia zingekuwa mwanzo wa kitu.

Yaliyofuata

Hoja zenyewe hazikufa na kampeni. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, awe alikuwa mwajiriwa au la. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria za kulinda mamlaka ya nchi juu ya rasilimali zake na kutaka mikataba ipitiwe upya. Mwaka 2023 ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Chama chenyewe kilipoteza watu wake wa mwanzo: mwaka 2017 Profesa Kitila Mkumbo na Anna Mghwira walipokea uteuzi wa Rais Magufuli, Mghwira akiwa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro. Alifariki Julai 2021. Wapo waliomlaumu kwa kukubali uteuzi ule. Mimi nakumbuka tu kwamba kata yetu tulimficha, na kwamba alistahili watetezi imara kuliko tulivyokuwa sisi.

Desemba 2015 nilirudi kwenye kikundi kile kushukuru. Zile nakala za kurasa nane zilikuwa zimetumika karibu zote kufungia vitumbua, lakini katibu alikuwa amehifadhi moja, na ukurasa wa maadili ya uongozi alikuwa ameuchana na kuuweka ndani ya daftari la kikundi. Aliniomba nimsaidie kuandika vizuri kipengele kipya cha katiba yao. Tuliandika pamoja, juu ya sanduku. Kuanzia mwaka uliofuata, kabla ya uchaguzi wa viongozi, kila mshika ufunguo angesimama mbele ya wanachama na kutaja madeni yake yote, ndani na nje ya kikundi.